Waya Mgongoni, Magoti Chini

Mwanangu alikuwa na miezi kumi na moja nilipompiga teke. Naanza na hilo mwenyewe, maana wakwe zangu wakisimulia habari zangu wanaanzia hapo na wanaishia hapo.

Alikuwa anajifunza kusimama. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho karibu, na siku hiyo kilichokuwa karibu ni mguu wangu wa kushoto. Aliukumbatia kwa mikono miwili, akaulalia na shavu. Mguu ukaruka. Sikuutuma mimi. Akaangukia ukingo wa jiko la mkaa, bahati lilikuwa limepoa, mdomo wa juu ukapasuka. Kovu analo mpaka leo, akicheka linavutika upande. Watu wanasema linampendeza. Wajinga.

Mguu wenyewe ukiuangalia hauna kitu. Hauna kidonda, haujavimba, ngozi ni ileile ya mguu wa kulia. Lakini upindo wa kitenge ukiugusa, ni kama mtu amenimwagia uji unaochemka, na uji ukimwagika unaganda. Usiku nililala mguu nje ya shuka, mbu wakaula watakavyo. Mbu hawakuniuma kitu. Mkono wa mwanangu ndio uliniuma.

Chanzo chake ni kukaa upande kwenye pikipiki. Mume wangu ni dereva wa bodaboda hapa Mpanda mjini, na watu wake ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, wazazi wake wako upande wa Usevya. Mimi ni Mkonongo, kwetu tunalima tu. Wiki ya kwanza ya ndoa mama mkwe aliniweka chini akaniambia mwanamke wa nyumba yao hapandi pikipiki ametanua miguu kama mchunga ng'ombe. Anakaa upande, magoti pamoja, mkono mmoja kwenye kiti. Nikakaa upande. Mtoto alipofikisha miezi miwili nilimwacha kwa jirani, mume wangu akanipakia twende sokoni. Akataka kuipita bajaji ambayo hata haikuwa na shida naye. Gurudumu likaingia kwenye shimo. Yeye alikuwa ameshika usukani, mimi nilikuwa nimeshika heshima. Niliruka nikatua kwa makalio kwenye ukingo wa mtaro.

Walinipasua mgongo katika mkoa wa jirani, wakapanga mifupa, mifupa ikaunga. Maumivu hayakusikia habari hiyo. Kwao Usevya mume wangu alipeleka maelezo kwamba nilisinzia nikaanguka. Nilisinzia! Saa nne asubuhi, na pikipiki inakwenda kama imeiba. Mama mkwe akanitumia salamu kwa simu ya mwanawe: "Mwambie sisi tulizaa asubuhi, jioni tukawa tunakoroga ugali wa watu kumi." Nikawa mvivu rasmi.

Halafu ikaja kambi ya madaktari wageni katika hospitali moja ya hapa mjini, ambayo nitaiacha bila jina. Waliwaangalia wagonjwa wengi wa mgongo, wakachagua watatu, mmoja mimi. Daktari alieleza kwa Kiingereza na nesi akatafsiri, nesi mwenyewe mdogo kuliko mimi, mchangamfu, anaita kila mtu dada. Akasema mshipa wako wa fahamu umeumia, sasa unapiga simu za uongo kwenye ubongo. Mguu hauungui, ila mshipa unapiga simu mchana na usiku kwamba unaungua. Hawawezi kuukata. Wanachoweza ni kupitisha waya mwembamba kama tambi, wakaulaza nyuma ya uti wa mgongo, wakautia umeme kidogo sana. Umeme ule unaichukua laini. Simu ya uongo ikipigwa inakuta laini ina mtu.

Fizikia nilipata D, lakini hiyo niliielewa mara moja.

"Kwanza majaribio siku saba," nesi akasema. "Waya ndani, betri nje, kwenye mkanda wa kiunoni, na rimoti ya kuongeza au kupunguza umeme. Maumivu yakipungua nusu au zaidi, siku ya nane daktari anaweka betri ya kudumu chini ya ngozi, hapo juu ya kalio. Siku ya tisa wanaondoka."

"Na yasipopungua?"

"Tunautoa. Dakika moja tu."

Waliniingiza waya nikiwa macho, nimelala kifudifudi, mgongo umepigwa ganzi. Lazima uwe macho ili uwaambie umeme umefika wapi. "Sasa?" Mbavuni. "Sasa?" Kiunoni. "Na sasa?" Nikasikia sisimizi. Sisimizi wengi, wanateremka kwenye paja, kwenye goti, wanafika mpaka kidole kidogo, na kila walipopita walizima moto.

"Dada, mguu unaungua?"

"Mshenzi wewe," nikamwambia, "hauungui."

Akacheka mpaka barakoa ikamshuka. Daktari akauliza nimesema nini. Sijui alimtafsiria nini.

Kabla ya kuniruhusu nesi alinishika mkono, akaacha kucheka. "Sikiliza. Ndani haujashonwa, umelala tu. Plasta hii ya nje ndiyo inaushikilia. Usiiname. Usijipinde. Usichuchumae. Usinyanyue kitu kizito kuliko sahani ya chakula. Ukiinama unateleza, na ukiteleza umeme utaenda kwingine. Mimi nitakupigia kila siku unipe namba. Sifuri hakuna kitu, kumi ndiyo ile ya kulia machozi. Ukiona umeme umehama, usingoje simu yangu. Njoo palepale."

Mume wangu alikuwepo. Alisikia kila neno. Na niseme haki yake, kwa sababu ya choo chetu cha shimo alichukua kiti cha plastiki, akapasha kisu moto, akakitoboa katikati, akasugua kingo zisinikwaruze. Nilimpenda siku hiyo. Ninaliandika kwa hasira, lakini nilimpenda.

Wenzake wa kijiweni walikuja kuangalia mashine.

"Oya, shemeji ameunganishiwa umeme!"

"Nyumba haina hata nguzo, mwenye nyumba anawaka."

"Shemeji, luku ikiisha je? Tukuchangie yuniti?"

"Ikiisha nitawagusa nyie," nikawaambia. Walicheka, nami nikacheka, mikono imeshika kiti.

Siku ya kwanza nilimpa nesi namba tatu. Siku ya pili, mbili. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa uani, jirani ananipikia, na mwanangu, aliyekuwa sasa anatembea, akaja kwangu. Alikuwa na mwaka na miezi minne, na tangu lile teke alikuwa hanikaribii mbele. Alisimama hatua tatu mbali akanitazama usoni, jinsi mbwa anavyomtazama mtu aliyewahi kumtupia jiwe. Nikamwambia njoo. Hakuja. Nikamwambia njoo ushike. Nikaunyoosha mguu wa kushoto.

Akaweka kidole kimoja kwenye goti. Sisimizi wakatembea. Akaweka mkono. Akaweka mikono miwili, akajishikilia, akaanza kuruka ruka pale kama yuko kwenye mlingoti, na mimi nimekaa tu. Ulikuwa mguu na mtoto. Jirani aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nesi alipopiga nikamwambia sifuri. Akasema hakuna mtu anayesema sifuri. Nikamwambia andika sifuri.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Siku nne za kuchunga mgongo zilikuwa zimebaki, halafu nibaki nacho maisha.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mama mkwe akashuka kwenye bajaji mlangoni kwangu na kuku wawili na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mume wangu alikuwa amemwita. Alitaka mama yake aone kwamba nimepona, kwamba pesa za ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya upasuaji hazikuliwa bure. Kumwita sawa. Kuniambia ndiyo hakuniambia.

Kwao mkwe hasalimii amesimama. Mkwe anakuja mbele ya mama mkwe, anapiga magoti yote mawili chini, anainamisha kichwa, anasema mwangaluka mayu, na mama akitaka anaitikia. Halafu mkwe analeta maji na beseni, anamnawisha, bado yuko magotini. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo tangu nilipoolewa, hata na mimba ya miezi minane, na sikuwahi kuona ubaya wake. Ni namna tu ya kumwambia mtu kwamba umemwona.

Nikasimama kutoka kwenye kiti. "Mwangaluka mayu," nikasema. "Nisamehe, daktari amenikataza kupiga magoti siku mbili hizi tu. Kuna waya mgongoni."

Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Hakunitazama. Alimtazama mwanawe.

"Nimesafiri kuanzia alfajiri," akasema. "Kuna mtu humu ndani?"

"Mama, ni kweli, daktari..."

"Nimeuliza kama kuna mtu. Sijasikia mtu akinisalimia."

"Mwangaluka mayu," nikarudia.

"Kuku hawa niwape nani? Niwarudishe?" Akawavuta karibu na miguu yake. Halafu akaninyooshea kidole kiunoni. "Na hicho ulichojifunga ndicho kimekufundisha kusimama mbele yangu?"

Nilimtazama mume wangu. Mtu aliyesikia kila neno la nesi, aliyetoboa kiti kwa kisu cha moto. Alikuwa anatazama kuku. Halafu akasema, polepole, ile sauti yake ya kuombea mafuta ya mkopo: "Mama mtoto, mara moja tu. Nenda taratibu. Mgongo uwe umenyooka."

Hapo ndipo nilipokosea, na sitamsukumia mtu. Ningeweza kusema hapana. Mdomo ninao, na huwa haulali. Lakini nikahesabu: ataondoka na kuku, atasema Usevya nzima, mume wangu atakula maneno mwaka mzima na atayatapika kwangu. Nikashika mlango, nikateremsha goti la kulia, nikateremsha la kushoto, mgongo umenyooka kama ubao. Nikasalimia. Sisimizi walikuwepo bado. Nikasema moyoni, nimeshinda.

Akaitikia. "Mwangaluka." Halafu akanyoosha mikono yake mbele, viganja juu, akangoja.

Maji. Jirani alikuwa ameshaweka jagi na beseni chini karibu yangu, maskini, akidhani ananisaidia. Angeweza kumnawisha yeye. Alisogea, mama mkwe akamwambia, "Wewe ni mke wa nani hapa?" Akarudi nyuma. Mikono ilikuwa bado imenyooshwa. Beseni liko sakafuni na mikono yake iko chini, karibu na magoti yake, na alikuwa anaishusha zaidi. Nasema alikuwa anaishusha, nilimwona. Nikachukua jagi, jagi limejaa, nikainama kumfuata.

Sikusikia mlio. Nilisikia kitu kidogo kikivutika, kama uzi unapotoka kwenye tundu la sindano. Sisimizi wakaacha mguu wote kwa mara moja wakapanda tumboni, chini ya mbavu, wakaanza kunitekenya huko pasipo na shida yoyote. Na mguuni uji ukamwagika.

Maji nilimmwagia miguuni. Akasema, "Hata kunawisha umesahau."

Nikalala kwa ubavu palepale sakafuni, nikachukua rimoti, nikaongeza umeme. Ukanikaza mbavu mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Mguuni haukufika hata kidogo. Nikapunguza. Nikaongeza tena. Mwanangu alikuja mbio kwa furaha, ameshazoea siku mbili zile kuudaka mguu, akaudaka.

Safari hii sikurusha teke. Nilipiga kelele, kelele ambayo bado ninaisikia. Akauachia, akaanguka mwenyewe kwa kalio, akanitazama. Hakulia. Afadhali angelia.

"Nipeleke hospitali," nikamwambia mume wangu.

Akanivuta chumbani. "Mama amefika sasa hivi. Ukienda hospitali leo atajua yeye ndiye amekuumiza. Ataondoka na hasira. Analala siku mbili tu. Kesho kutwa asubuhi nakupeleka, na miadi yako si ni hiyohiyo?"

"Nesi alisema palepale."

"Nesi hajui kwetu."

Nilimwambia neno ambalo siliandiki. Halafu nikabaki. Kutembea sikuweza, pikipiki ni yake, jirani alikuwa amekimbilia kwake.

Kesho yake nesi akapiga. Tulikuwa mezani, sote. Mume wangu akaniwekea simu mkononi kwa spika, si kwa ubaya, ndivyo alivyozoea, maana simu yake sikioni haisikiki. Mama mkwe akaacha kutafuna.

"Dada yangu wa sifuri! Leo ngapi?"

Ilikuwa tisa. Ningesema tisa, angeuliza imekuwaje, na ningelazimika kusema imekuwaje, mbele ya aliyefanya, naye amekaa anakula kuku aliowaleta mwenyewe. Kwetu mgeni hashitakiwi akiwa kwenye sahani. Hata kwetu Wakonongo, siwasingizii Wasukuma peke yao. Mume wangu alikuwa ananitikisia kichwa, kidogo kidogo. Nikasema:

"Mbili. Naendelea vizuri."

"Umeme haujahama?"

"Haujahama."

"Safi sana. Kesho basi." Akakata.

Mama mkwe akamtazama mwanawe. "Unaona?" akasema. "Anadeka tu."

Siku ya saba walinipiga picha ya eksirei. Daktari aliiweka kwenye mwanga, akaweka ya siku ya kwanza pembeni. Hata mimi niliona. Waya ulikuwa umeshuka na kupinda, kama kamba ya kuanikia iliyokatika upande mmoja. Nesi aliuliza lini. Nikamwambia juzi asubuhi.

"Juzi? Na jana ulinipa mbili?"

Nikarudi kuitazama ile picha.

"Ungekuja juzi tungekurudisha mezani. Nafasi ilikuwepo. Hata jana ungesema, tungejaribu kuupanga umeme kwa kompyuta. Leo hakuna nafasi, kesho ni betri tu, halafu wanaondoka!" Sauti ilimpanda, yule mchangamfu. "Kwa nini ulinidanganya?"

"Kulikuwa na mgeni," nikasema.

Akamtafsiria daktari. Mzungu wa watu akauliza tena, akidhani hajasikia vizuri. Nesi akarudia. Daktari aliandika kitu kirefu kwenye karatasi zangu. Alisema hawezi kuweka betri ya kudumu kwa mtu ambaye majaribio yake yameharibika na namba zake si za kweli. Nikamwambia sifuri ilikuwa ya kweli. Nikamwambia mwanangu alishika mguu. Nesi hakutafsiri hiyo. Alikuwa ameshaanza kubandua plasta.

Waya walivuta kama unavyovuta uzi wa gunia. Dakika haikuisha. Betri yangu nilionyeshwa, ipo ndani ya boksi lake, nailoni haijatoboka. Ilisafiri nao hivyohivyo, mpya.

Nilivyorudi, mama mkwe alikuwa anafunga mfuko wake kurudi Usevya. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba ni mwanawe aliyekuwa anaendesha, kwamba sikusinzia, kwamba nilikaa upande kwa amri yake na niliinama kwa amri yake, na kwamba heshima yao imenivunja mgongo mara mbili. Mume wangu alikuwa anafunga kamba kwenye pikipiki, hakuinua kichwa.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. "Kwani mwanangu alikusukuma?" akauliza. "Na mimi nilikusukuma? Si uliinama mwenyewe."

Jibu sijalipata mpaka leo. Nimelitafuta nikifua, nikipika kwa mguu mmoja, nikiwa nimelala na mguu nje ya shuka. Ndilo linalonitia wazimu, kwamba yule mama, katika yote aliyosema siku zile tatu, alisema na moja la kweli.

Mwanangu sasa ana miaka mitatu na nusu. Mwezi uliopita bibi yake alikuja tena, mara ya kwanza tangu wakati ule. Akakaa kwenye kigoda kilekile. Mimi sikuinuka kwenye kiti, na yeye hakunisalimia, tukawa sawa. Halafu mtoto akatoka ndani, na kabla sijajua kinachotokea akaenda mbele ya bibi, akaanza kukunja magoti. Baba yake amemfundisha bila kuniambia. Alikuwa anafanya vizuri, mikono imeshikana, kichwa chini.

"Simama," nikasema.

Akasimama nusu. Bibi akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akangoja. Mtoto akanitazama mimi, akamtazama bibi, akaanza kushuka tena.

Nilimdaka mkono nikamnyanyua juu kama kuku. Nilimfinya. Vidole vyangu vilibaki kwenye mkono wake, vinne, vyekundu. "Msalimie umesimama," nikamwambia. Akasalimia amesimama, kamasi zinamtoka, sauti imekatika. Bibi hakuitikia. Mkono wake ulibaki hewani, halafu akaurudisha mapajani.

"Umemuumiza mtoto," akasema.

"Nimemuumiza."

Nikamwachia. Nilidhani atakimbilia ndani, au kwa bibi. Alikuja kwangu. Lakini hakuja moja kwa moja. Alizunguka kiti changu kwa nyuma, njia ndefu, mkono umeshika mgongo wa kiti ili asijisahau, akatokea upande wa kulia, akaukumbatia ule mguu wa kulia akalia hapo.

Hakuna aliyemfundisha njia hiyo. Ndiyo anayopita kila siku.